Mgonjwa Asiye Mhusika: Usawiri wa Wahusika katika Mfululizo wa House

Mfululizo wa michezo ya televisheni uitwao House, uliobuniwa na David Shore na kuonyeshwa nchini Marekani na kituo cha Fox tangu Novemba 2004 hadi Mei 2012, una michezo 177, na karibu yote imejengwa juu ya kiunzi kimoja. Mtu huanguka ghafla kwa maradhi yasiyojulikana. Hupelekwa katika hospitali ya kubuni ya Princeton-Plainsboro, jimbo la New Jersey, ambako madaktari hukisia, hukosea, hukisia tena. Na mwisho Gregory House, akisikia neno lililosemwa na mtu mwingine kuhusu jambo lisilohusika kabisa, hung'amua jibu. Aliyelelewa katika jioni za vitendawili atautambua mpango huu mara moja. Tofauti ni kwamba hapa kitendawili kimetegwa ndani ya mwili wa binadamu, na pale wateguaji wanaposhindwa si wao watoao mji. Atoaye ni mgonjwa, na akitoacho ni uhai wake.

Swali linalozuka ni kama mgonjwa huyo ni mhusika. Yeye ndiye mwenye kupata au kukosa zaidi kuliko wote waliomo katika mchezo, lakini aghalabu ndiye aliyechorwa kwa wino hafifu zaidi. Mtu akiambiwa kwamba nyumba isiyo na mlango ni yai, nyumba ile haimshughulishi tena. Ndivyo ilivyo kwa wengi wa wagonjwa hawa: maradhi yakishatajwa jina, mtu mwenyewe hutoweka.

Nasaba ya mfululizo huu yaeleza sehemu ya tatizo. House ametokana na Sherlock Holmes, naye mtunzi hakulificha jambo hilo: Wilson anasimama mahali pa Watson, nyumba ya House ina nambari 221B, na mgonjwa wa mchezo wa kwanza ana jina la ukoo la Adler. Arthur Conan Doyle alikuwa daktari, na alimchora Holmes kwa kumwangalia mwalimu wake wa Edinburgh, Joseph Bell, aliyekuwa hodari wa kuzisoma dalili za wagonjwa. Kwa hiyo Shore alimrudisha mpelelezi hospitalini alikotoka. Msomaji wa Kiswahili ana ndugu mwingine wa ukoo huo, naye ni Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeingia katika fasihi yetu kwa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, kiko mkononi na Najum ubavuni. Lakini ndugu hawa wawili hawawindi windo moja. Bwana Msa humtafuta mtu mwenye tamaa, hofu na siri za ukoo. Akimpata, tunajifunza jambo juu ya watu. Anachokiwinda House ni kijidudu, sumu, au kiungo kilichoasi. Mkosaji wa namna hii hana nia, hana wivu, wala hana kisasi.

Nia hiyo inayokosekana katika maradhi ndiyo ambayo mtunzi ameitafuta kwa mgonjwa. House anashikilia kwamba kila mtu husema uongo, na kanuni hiyo si ubishi mtupu, bali ni ufundi wa msuko. Mgonjwa anapoficha alichokula, alikolala au alichomeza, anapata angalau siri, na mwenye siri ameanza kuwa mtu. Hata hivyo, kuna njia iliyo bora zaidi, nayo ni kukataa. Rebecca Adler, mwalimu wa watoto wadogo katika mchezo wa kwanza, ana tegu ubongoni aliyetokana na nyama ya nguruwe. Madaktari wamekwisha kosea mara kadhaa, naye anagoma kutibiwa tena bila ya ushahidi. Kwa kitambo hicho kitendawili kinamsemesha mtegua, na mchezo unapata uzito ambao ukisiaji mtupu usingeupa.

Uigizaji wa Hugh Laurie katika nafasi ya House umesifiwa sana, na kwa haki. Mwingereza huyu alikuwa amejulikana kwao kwa vichekesho. Mkanda wake wa majaribio ulipigwa katika bafu la hoteli nchini Namibia, alikokuwa akishiriki katika filamu nyingine. Anachokifanya kwa mkongojo na mguu mbovu ni usawiri kamili: kabla House hajatamka neno, hadhira inakwisha jua kwamba daktari huyu ni mgonjwa. Wasaidizi wake wa mwanzo, Foreman (Omar Epps), Cameron (Jennifer Morrison) na Chase (Jesse Spencer), mara nyingi si zaidi ya sauti tatu za bongo moja. Mmoja anakisia saratani, mwingine ambukizo, na watatu anapewa jukumu la kukosolewa. Kutoka mwaka 2007, House anapowashindanisha waombaji arobaini ili achague kundi jipya, mfululizo wenyewe unakiri kwa mzaha kwamba sauti hizo zaweza kubadilishwa.

Mchezo ulio bora kuliko yote ni "Three Stories" wa mwaka 2005. House anawahadithia wanafunzi habari za watu watatu wenye maumivu ya mguu, na taratibu inabainika kwamba mmoja wa watu hao ni yeye. Damu iliganda, msuli wa paja ukafa, naye akakataa kukatwa mguu. Alipokuwa amelazwa usingizi wa dawa, Stacy, mwanamke aliyempenda, akaidhinisha upasuaji wa kuuondoa msuli uliokufa. Hapa hatimaye mgonjwa ni mhusika duara, mwenye haki na makosa kwa wakati mmoja. Lakini angalia sharti lililowekwa: ilibidi mgonjwa awe daktari. Ndivyo ilivyo pia kwa Foreman anapoambukizwa katika msimu wa pili, na kwa Wilson anapopata saratani mwishoni. Wasio madaktari hawakujaliwa bahati hiyo ila kwa nadra.

Walio mbali zaidi na bahati hiyo ni Waafrika. Katika "TB or Not TB", wa mwaka 2005, Dakta Sebastian Charles, Mmarekani anayetibu kifua kikuu barani Afrika, anapatwa na ugonjwa huo, naye anakataa dawa ambazo wagonjwa wake hawawezi kuzipata. Kukataa kwake kuna uzito, na kejeli za House dhidi yake zina ukweli ndani yake; hata hivyo wale wanaopiganiwa wanawakilishwa na mtu mwingine tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2009, katika "The Tyrant", Mwafrika mwenyewe ndiye analazwa: Rais Dibala, aliyeigizwa na James Earl Jones kwa sauti ile nzito inayotosha kujaza chumba. Ni mtawala anayekusudia kuangamiza sehemu ya watu wake, na nchi yake haina jina. Chase anabadilisha damu ya kupimwa kwa kutumia ya mtu aliyekwisha kufa, matibabu yanapotoshwa, na Dibala anakufa. Kitendo hicho ni kizito, tena kimesukwa kwa uhodari. Lakini kifo cha Dibala kinageuka mara moja kuwa mali ya dhamiri ya Chase, kinaivunja ndoa yake na Cameron, na kinamkuza yeye katika michezo inayofuata. Watu waliookolewa, ikiwa waliokolewa, hawatajwi kwa kina. Nchi isiyo na jina imetumika kumpa daktari mmoja wa New Jersey nafsi yenye kina.

Upo mchezo mmoja ambamo kiunzi chenyewe kinavunjika. Mwaka 2009 Kal Penn aliamua kuondoka ili akafanye kazi katika serikali ya Rais Obama, na mhusika wake, Lawrence Kutner, akaondolewa kwa kujiua. Hapakuwa na dalili zilizotangulia wala barua. House anayapekua maisha ya marehemu kama anavyopekua nyumba za wagonjwa, anashuku mauaji, anatafuta neno litakalomfungulia, na halipatikani. Kwa mara hii moja kitendawili hakikuteguliwa, na hakuna aliyekitega wa kuombwa jibu. Kutner, ambaye akiwa hai alikuwa mojawapo ya sauti zile za kubadilishwa, anabaki mbele ya hadhira akiwa mtu mzima, kwa kuwa hapana jina la ugonjwa lililokuja kuketi mahali pake.