Ufundi wa Kitu cha Muda

Wajerumani huita kitu cha muda Provisorium. Daktari wa meno hulitumia neno hilo kwa jino la plastiki analomvisha mgonjwa huku la kudumu likitengenezwa. Vitu vingi vya namna hii hufanywa bora liende, kwa kuwa vitang'olewa. Lakini kazi ya muda ikifanywa kwa ustadi hudai akili nyingi kuliko ya kudumu, maana fundi hana budi kuamua mapema kipi kiachwe wazi na kipi kisiguswe kamwe. Ushahidi wangu ni sheria iliyoandikwa Bonn, Ujerumani. Septemba 1948 wajumbe 65 walianza kikao chao kwa hafla katika jumba la makumbusho ya wanyama, nchi ikiwa mikononi mwa madola manne yaliyoishinda vitani. Kuandika katiba ya upande wa magharibi peke yake kungekuwa kuubariki mgawanyiko. Mwanasheria Carlo Schmid akashikilia kwamba kinachoandikwa ni cha mpito tu. Ndiyo maana kikaitwa Sheria ya Msingi, si katiba. Ibara ya mwisho, ya 146, iliitabiria sheria yenyewe kifo chake: itakoma siku Wajerumani watakapojipatia katiba kwa hiari yao. Ila hao hao waliojua kwamba wanaandika cha muda waliweka katika ibara ya 79 kwamba misingi ya utu wa binadamu na ya demokrasia haibadilishwi hata na bunge zima. Naye Elisabeth Selbert hakukubali usawa wa wanawake usubiri katiba ijayo. Pendekezo lake lilikataliwa mwanzoni. Akawahamasisha wanawake, barua za madai zikamiminika, na likapita.

Kuna watakaosema kwamba hila ya vitu vya muda ni kung'ang'ania. Mwaka 1990 Ujerumani Mashariki ilijiunga na Magharibi chini ya sheria ile ile, iliyopitishwa 1949, na wananchi hawakupigia kura katiba mpya. Lawama hiyo ina uzito, na binafsi naona kura ile ilistahili kupigwa. Lakini lawama ni ya wanasiasa wa 1990, si ya waandishi, ambao waliacha njia wazi. Sheria imerekebishwa zaidi ya mara 60, misingi yake haijaguswa, na ibara ya 146, ingawa maneno yake yalibadilishwa kidogo mwaka huo, ingali inafanya kazi. Wajerumani wakitaka katiba nyingine, ruhusa wanayo.