Tarzan, Congo na picha za ordinatere

Wandugu, sinema imekuwa mualimu mukubwa wa vijana, hata pahali pasipo nyumba ya sinema: telefoni moja inatosha, na vichwa sita vinaiinamia. Basi inafaa tupime filimu kama tunavyopima kitabu. Leo napima The Legend of Tarzan ya David Yates, ya mwaka 2016, kwa sababu inasema mambo ya Congo ya Leopold wa Pili.

Kwanza mujue ginsi ilivyotengenezwa. Wachezaji walichezea Leavesden, Uingereza, katika manyumba makubwa ya studio. Misitu ilipigwa picha Gabon, kutoka juu. Sokwe, simba, mamba: hao wote ni kazi ya ordinatere. Muchezaji anakumbatia hewa, na nyuma mafundi wanaweka munyama pale mikono yake ilipofunga.

Wengine watasema ni uongo. Mimi sisemi hivyo. Padri Van den Heuvel wa Scheut, kule Léopoldville miaka ya 1950, alitengeneza filimu za Mboloko, yule munyama mudogo wa hadisi, na Mboloko alikuwa wa kuchorwa tu. Munyama akisema, kila mutoto anajua tuko katika hadisi. Hata wanyama wa zamani sana wa Jurassic Park, mwaka 1993, ambao ordinatere iliwatembeza kwa ajabu, ni nani aliyewaona azima hata aje kuwakana?

Lakini Tarzan inatwaa watu wa kweli. Léon Rom, ofisa wa Leopold, anakufa kwa meno ya mamba wa ordinatere. Rom mwenyewe aliishi mpaka 1924. George Washington Williams, Mwamerika mweusi, aliandikia mufalme barua ya wazi mwezi wa Julai 1890, pale Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, akishitaki mateso ya watu. Mwaka uliofuata alikufa, miaka 41. Filimu inamupa bunduki na maneno ya kuchekesha.

Mwishoni Boma inavunjwa na kundi la nyumbu. Nyumbu, Boma! Mafundi waliwazidisha kama muchanga, kila mumoja na manyoya yake. Na watu wa Congo? Wanaimba, wanafungwa, wanafunguliwa.

Hapo ndipo ninapokasirika. Tarehe 22 Aprili 1893 waaskari wa Dhanis waliingia Kasongo yetu, na waliokufa katika vita ile, pande zote mbili, zaidi walikuwa watu weusi wasioandikwa majina. Ordinatere inayoweza kumupa kila nyumbu manyoya yake ingeweza kuwapa hao sura. Hakuna aliyeiomba.

Katekista akitaka kuionyesha filimu hii kwa vijana, simukatazi. Ila awasomee kwanza barua ya Williams. Inamalizika kwa jioni moja.