Uhakiki wa Simulizi za Kuhama katika Nchi ya Mbulu

Masieda, katika Wilaya ya Mbulu, imo katika sehemu ya Tanzania ambayo wanaisimu huitaja kwa mshangao. Wairaqw na Wagorowa husema lugha za Kikushi. Wadatoga husema lugha ya Kinailo. Wanyiramba na Waisanzu husema lugha za Kibantu. Nao Wahadzabe wa bonde la Yaeda wana lugha ambayo haijathibitishwa kuwa na ndugu popote. Mchanganyiko huu umeletwa na kuhama, na kuhama kumezaa fasihi simulizi nyingi. Hapa twakusudia kupima simulizi za Wairaqw.

Simulizi ya kwanza husema kwamba Wairaqw walitoka Iraq. Imeenea sana, hata shuleni, lakini msingi wake mkubwa ni kufanana kwa majina, na kufanana kwa majina si udugu. Ndugu wa karibu wa Kiiraqw ni Kigorowa, Kialagwa na Kiburunge, na chimbuko la lugha hizi hutafutwa upande wa Ethiopia. Tena simulizi hii inafuata, pengine bila kujua, fikra za waandishi wa kikoloni waliodhani kwamba kila jambo jema katika Afrika lililetwa na wageni. Anayeipokea hutafuta heshima mbali, akawaruka majirani walio mlangoni pake.

Simulizi ya pili, ile ya Ma'angwatay, ina thamani kubwa zaidi. Wazee husimulia kwamba Wairaqw waliishi huko, upande wa Kondoa, mpaka vijana walipotamani vita. Vita vikaja, wakashindwa na Wadatoga, wakatawanyika. Walipita Guser-Twalay, na hatimaye wakafika Irqwar Da'aw, nchi ya milima ya Kainam. Tunaona hapa kazi ya sanaa iliyokomaa. Haimtukuzi jemadari, inakiri kushindwa, na inaonya kwamba majivuno ya wachache huleta msiba kwa umma wote.

Aidha, simulizi hii haina budi kusomwa pamoja na zile za koo. Koo nyingi za Wairaqw husimulia kwamba babu yao alikuwa mgeni: Mdatoga, Mwisanzu, Mrangi au mwingine. Aliyekuja akakaa, akasema lugha na kushika miiko, alihesabiwa kuwa mwenyeji. Lugha yenyewe ni shahidi, maana Kiiraqw kimekopa maneno mengi ya Kidatoga, yaani lugha ya adui wa simulizi. Basi taifa dogo hili halikujengwa kwa damu moja, bali kwa kupokeana.

Hata hivyo, simulizi hizi zina upungufu ambao mhakiki hana haki ya kuuficha. Simulizi ya mhamaji aghalabu huiona nchi anayoifikia kuwa pori tupu. Katika karne ya 20 wakulima wengi walitoka Irqwar Da'aw wakashukia Karatu, Hanang na pande za Yaeda, na misitu yenye mbung'o ikafyekwa. Lakini kwa Mhadzabe pori hilo lilikuwa ghala: humo alipata mizizi, asali, ubuyu na nyama. Huko Hanang nako, mashamba makubwa ya ngano ya serikali katika miaka ya 1970 na 1980 yalichukua malisho ya Wabarbaig, kana kwamba ardhi isiyolimwa haina mwenyewe. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipewa hati ya hakimiliki ya kimila juu ya sehemu ya ardhi yao. Hati hiyo ilitamka kisheria neno ambalo simulizi za wahamaji zilikuwa zimelinyamazia.

Kwa hiyo twawasihi walimu wasiwafundishe vijana simulizi hizi kama orodha ya safari za mababu tu. Kila simulizi ya kuhama iulizwe maswali mawili: nani aliwapokea waliofika, na nani alikuwapo kabla yao? Mwanafunzi wa Mbulu na akaandike majibu kutoka kwa wazee wa kwao, kisha avuke kilima akamsikilize mzee Mdatoga na mzee Mhadzabe. Utamaduni wa taifa hautatimia mpaka simulizi ya aliyekuja na ya aliyekutwa zisomwe katika darasa moja.