Inveta Inayojua Kungoja

Tarehe 16 Agosti 2016, moto wa nyika uliopewa jina la Blue Cut ulikuwa ukiteketeza milima ya kusini mwa California. Moshi ukafika kwenye nyaya za kilovolti 500, umeme ukaruka hewani, shoti ikapiga. Swichi kubwa za laini zilikata kama zilivyotakiwa, na hitilafu ikaondoka ndani ya milisekunde 42 hivi: kufumba na kufumbua ni kurefu kuliko hapo. Lakini mashamba ya sola yaliyokuwa mbali na moto yalipoteza karibu megawati 1,200. Huko hapakuungua paneli wala waya. Inveta, vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli uwe wa kuingia kwenye gridi, zilijizima zenyewe.

Tangu nisome habari za tukio hilo, naiheshimu inveta nzuri kuliko zamani.

Jenereta ya bwawa ina rota ya chuma ya tani nyingi. Shoti ikipiga, humwaga mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, na uzito wake huendelea kuizungusha. Inveta haina cha kuzunguka. Ina transista, vipande vyembamba vya silikoni vinavyoweza kuungua kabla fyuzi haijayeyuka, ndiyo maana mkondo wake huzidi ule wa kawaida kwa asilimia 10 au 20 tu. Yaliyobaki hufanywa kwa hesabu, na hesabu hiyo ameiandika mtu.

Humo ndani mna kitanzi cha programu kinachofuata wimbi la gridi kama mpiga chapuo anavyomsikiliza mwenzake wa msondo. Shoti inapopiga, wimbi huruka hatua. Msondo haukubadili mwendo, umejikwaa tu. Lakini mwandishi wa programu mwenye pupa huusoma mruko huo kuwa masafa yameanguka. Ndivyo ilivyokuwa California. Inveta za karibu megawati 700 ziliamini masafa yako chini ya hezi 57, zikajitoa papo hapo, ilhali gridi yenyewe, ambayo kawaida yake ni hezi 60, haikufika hata 59.8. Nyingi kati ya zilizobaki zilinyamaza kwa kuwa volti ilipungua chini ya asilimia 90, na hivyo ndivyo zilivyoagizwa.

Tiba ya kosa la masafa ilikuwa sekunde 5 za kungoja. Napenda unyenyekevu wa tiba hiyo: hakikuongezwa chuma chochote.

Fundi aliyebobea huenda mbali zaidi. Inveta yake hupima wimbi kwa mizunguko kadhaa kabla ya kuliamini. Volti ikizama, hupunguza nguvu inayouza na kuutumia mkondo wake mchache kuinua volti, huku ikijua kwamba fazi tatu haziumii sawa. Shoti ikiondoka, hurudi kazini upesi, lakini bila kurukia gridi ambayo bado inayumba. Yote hayo huisha kabla taa ya nyumbani kwako haijamaliza kupepesa.

Mwaka 2022 IEEE, chama cha wahandisi wa umeme, ilitoa kiwango namba 2800, kinachodai uvumilivu wa namna hii. Kilikuwa kimesubiriwa: Mei 2021, karibu na Odessa, Texas, shoti moja iliondoa zaidi ya megawati 1,100 za sola, na safari hiyo sababu hazikuwa moja wala mbili.