Nani Anayeimba Barua ya Tatyana? Matini na Mafunzo ya Waimbaji wa Opera ya Kirusi

Suala la kumfunza mwimbaji asiye Mrusi aimbe katika opera ya Kirusi limeachiwa kwa muda mrefu walimu wa sauti na wakufunzi wa matamshi. Wahakiki wa fasihi wamelitazama kwa mbali kana kwamba haliwahusu. Katika makala haya tunashikilia kuwa hili ni suala la matini kabla halijawa suala la koo. Kasoro kubwa ya mafunzo hayo si lafudhi ya kigeni, bali ni tabia ya kumfundisha mwanafunzi sauti za maneno pasi na kumfundisha ni nani anayesema. Kielelezo chetu ni opera ya Tchaikovsky, Eugene Onegin, hususan onyesho la barua ya Tatyana.

Opera hii inafaa kwa sababu iliimbwa kwa mara ya kwanza na wanafunzi. Tarehe 29 Machi 1879, katika ukumbi wa Maly mjini Moscow, waliopanda jukwaani walikuwa wanafunzi wa Konsavatori ya Moscow, chini ya uongozi wa Nikolai Rubinstein. Tchaikovsky mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo, kwa kuwa alizihofia desturi zilizochakaa za majumba makubwa ya kifalme. Ila wanafunzi wale walikuwa na mtaji ambao mwanafunzi wa leo wa Seoul au Chicago hana: lugha ilikuwa yao, na Pushkin hakuwa mgeni kwao.

Nje ya Urusi mambo yalikwenda kombo tangu mwanzo. Boris Godunov ya Mussorgsky ilipofika katika jumba la Metropolitan, New York, mwaka 1913, iliimbwa kwa Kiitaliano. Mwaka 1921 Fyodor Chaliapin aliimba Boris papo hapo kwa Kirusi ilhali wenzake wote wakiimba kwa Kiitaliano. (Msomaji na aiwaze hali ya mfalme anayeungama dhambi zake kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wa raia zake anayeizungumza.) Haikuwa hadi mwaka 1974 ambapo jumba hilo liliiimba Boris nzima kwa Kirusi. Kadiri desturi ya kuimba kwa lugha asilia ilivyokita mizizi, ndivyo mzigo ulivyohamia mabegani mwa mkufunzi.

Mkufunzi huyo anafundisha nini? Kwanza, shadda. Mzungumzaji wa Kiswahili amezoea shadda inayotua katika silabi ya pili kutoka mwisho, na ni katika maneno machache tu, kama vile barabara ya kupita magari na barabara yenye maana ya sawasawa, ambapo kuhama kwa shadda huhamisha maana. Katika Kirusi shadda huweza kutua popote. Neno zamok likikazwa mwanzoni ni ngome, likikazwa mwishoni ni kufuli. Pili, konsonanti laini, zinazotamkwa ulimi ukiinuliwa kuelekea kaakaa gumu: brat kwa t ngumu ni ndugu wa kiume, kwa t laini ni kitenzi chenye maana ya kuchukua. Tatu, irabu zisizokazwa hufifia, hivi kwamba o isiyo na shadda husikika karibu na a.

Hapa ndipo walimu wawili wa mwanafunzi mmoja huanza kuvutana. Mwalimu wa sauti, aliyelelewa katika mapokeo ya Kiitaliano, anadai irabu pana na kinywa kilicho wazi. Naye mwalimu wa lugha anadai ulimi uinuke na irabu zififie. Aghalabu wa kwanza hushinda, kwa sababu ndiye anayelinda koo. Gharama ya ushindi huo hulipwa na ushairi. Mshororo wa Pushkin huenda kwa mapigo manne, silabi isiyokazwa ikitangulia iliyokazwa, na Tchaikovsky alijitahidi kuziweka silabi zilizokazwa katika mapigo mazito ya muziki. Mwimbaji anapoipa kila silabi uzito sawa, noti hubaki zote mahali pake lakini mizani imekufa.

Yapo maandalizi mazuri ya kuikabili hali hii. Kitabu cha Piatak na Avrashov cha mwaka 1991 kinampa mwimbaji unukuzi wa kifonetiki pamoja na maana ya neno kwa neno, na kimewafaa wengi. Hata hivyo, maana ya neno kwa neno bado si maana ya barua.

Tuitazame barua yenyewe. Katika sura ya tatu ya riwaya ya kishairi ya Pushkin, iliyotoka kwa ukamilifu mwaka 1833, msimulizi anatueleza kwamba Tatyana hakukimudu Kirusi vyema na aliandika kwa Kifaransa. Tunachokisoma, anadai, ni tafsiri yake yeye msimulizi, tena tafsiri hafifu. Barua hiyo imewekwa nje ya mpangilio wa ubeti wa mishororo kumi na minne unaotawala riwaya, kana kwamba imechomekwa kutoka mahali pengine. Basi mwanafunzi wa kigeni anayetokwa na jasho ili aiimbe kama binti wa Kirusi anaimba maneno ambayo, kwa mujibu wa riwaya, binti huyo hakuyaandika kwa Kirusi hata kidogo.

Libreto, iliyoandikwa na Tchaikovsky akishirikiana na Konstantin Shilovsky, imemwondoa msimulizi, na kinaya hicho kimepotea pamoja naye. Lakini hakuondoka bila kuacha athari. Maneno ya kwanza ya onyesho hilo la uimbaji, ambapo Tatyana anakubali kuangamia mradi aonje kwanza raha ya matumaini, katika riwaya si yake. Ni ya msimulizi, anayemhurumia na kumtabiria maangamizi kwa kumwita "wewe". Libreto imegeuza nafsi ya pili kuwa nafsi ya kwanza, basi. Huruma ya mtu mzima aliyeona mengi imekuwa ujasiri wa msichana. Je, mwimbaji anapaswa kuyajua haya? Tunaamini anapaswa, kwa maana bila hivyo ataimba utabiri wa mtu mwingine kama hamaki ya moyo wake, na kelele ya hamaki ndiyo tunayoisikia mara nyingi mno katika mashindano ya waimbaji chipukizi.

Kisha kuna viwakilishi. Tatyana anaanza kumwita Onegin kwa kiwakilishi cha wingi, vy, kinachoonyesha heshima na umbali. Katikati ya barua, anapojitangaza kuwa ni wake kwa amri ya mbingu, anaruka hadi ty, kiwakilishi cha watu wa karibu. Mwishoni, hofu ikimrejea, anarudi kwa vy. Ndani ya miruko hiyo miwili ndimo ilimo tamthilia yote ya onyesho. Mwanafunzi aliyefundishwa kuitamka irabu ya vy, ambayo ni ngumu kweli kwa mgeni, lakini hakuambiwa kwamba amekwisha kuiacha na kwamba kuiacha huko ni kuvuka mpaka, amefundishwa kuupaka rangi mlango asioujua unafungukia wapi.

Hali ya Lensky ni ngumu zaidi. Mikhail Bakhtin, katika insha yake kuhusu chimbuko la usemi wa kiriwaya, anaitumia mistari inayomsawiri Lensky kuonyesha jinsi lugha ya mhusika inavyoweza kunukuliwa na kukejeliwa kwa wakati mmoja. Beti anazoziandika kijana huyo usiku wa kuamkia pambano, msimulizi anazidharau waziwazi. Tchaikovsky alizigeuza kuwa aria ya huzuni halisi. Hatudai kwamba mwimbaji aikejeli aria hiyo, muziki hauruhusu. Tunachosema ni kwamba aliyeijua kejeli hiyo huimba huzuni ya kijana aliyeazima maneno, na huzuni ya namna hiyo haihitaji kupigiwa makelele.

Kuhusu lafudhi, opera yenyewe inatutahadharisha dhidi ya usafi uliopita kiasi. Monsieur Triquet, Mfaransa anayemwimbia Tatyana beti za sikukuu, yupo jukwaani kwa sababu ya ugeni wake.

Ni haki tukiri kwamba hoja yetu hupungua nguvu tukimgeukia Mussorgsky. Katika Ndoa, aliyoianza mwaka 1868 kwa kuichukua nathari ya Gogol kama ilivyo, mkondo wa usemi wa kawaida ndio muziki. Hapo aliyekosea kiimbo amekosa kila kitu, na mkufunzi wa matamshi anastahili kiti cha mbele.

Tangu Februari 2022, vita vya Ukraine vilipopanuka, uhusiano kati ya majumba mengi ya Magharibi na taasisi za Urusi umekatika, na safari za kwenda kujifunza huko zimekuwa adimu. Kazi zenyewe hazikuachwa: La Scala ya Milan ilifungua msimu wake Desemba 2022 kwa Boris Godunov. Mafunzo sasa yanafanyika zaidi mbali na wenye lugha, na kishawishi cha kuutegemea unukuzi peke yake kimeongezeka. Pendekezo letu kwa mkufunzi wa Tatyana ni dogo na halina gharama: wiki ya kwanza nota zibaki zimefunikwa, na mwanafunzi aisome sura ya tatu nzima, kwa tafsiri yoyote aielewayo, hadi aweze kuonyesha kwa kidole pale vy inapokoma.