Funksheni Nne na Kitenzi cha Kiunguja

Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kina vitenzi vinavyojipanga kwa nidhamu: nafsi hutangulia, wakati hufuata, shina huja nyuma. Nidhamu hiyo inaandikika kwa mstari mmoja:

^(ni|u|a|tu|m|wa)(na|li|ta|me)([a-z]+)$

Mstari huu ni ruwaza, yaani kielezo cha umbo la neno, ambamo kistari cha wima kina maana ya “au”. Maktaba ya lugha ya kompyuta ya C kwenye Linux ina funksheni nne za kuishughulikia, na uzuri wake ni kwamba kila moja ina zamu yake. Kwanza regcomp huisoma ruwaza mara moja na kuiweka tayari kwa kazi. Ukisahau kufunga mabano inakataa papo hapo, na regerror inakueleza sababu. Usipoipa regcomp alama ya REG_EXTENDED, mabano na vile vistari vya wima huchukuliwa kama herufi tu. Kisha regexec hupitisha maneno, hata yawe laki moja, bila ruwaza kusomwa upya. Mwisho regfree huirudisha kumbukumbu iliyotumika.

Tuipe regexec neno “wameshuka”. Inajibu sifuri, yaani imekubali, kisha inaonyesha mipaka: “wa” 0 hadi 2, “me” 2 hadi 4, “shuka” 4 hadi 9. Hesabu inaanzia sifuri, na namba ya pili huelekeza nafasi iliyo baada ya herufi ya mwisho. Kwa hiyo toa 4 kwenye 9, urefu wa shina umeupata. Namba mbili tu, na hakuna herufi iliyonakiliwa.

Sasa tuipe maneno yanayosikika kila siku Forodhani na Darajani, mjini Unguja: “watalii”, “walimu”, “wanawake”. Yote yanapita! Yana wa-ta, wa-li na wa-na, na ruwaza hutazama herufi, haijui maana. Fundi hodari halaumu chombo. Huchukua kile kilichoangukia kwenye mabano ya tatu, akakilinganisha na orodha ya mashina ya vitenzi kutoka kamusini. “Shuka” limo, “lii” halimo.

Kijana wa Unguja anayesomea kompyuta tayari anajua kwamba watalii si kitenzi, na ujuzi huo hakuna maktaba ya C itakayompa. Funksheni zenyewe zimo katika kila kompyuta ya Linux, bila malipo. Na aanze kazi.