Buluu Isiyopakwa

Makumbusho ya bahari ya Greenwich, London, yanahifadhi panga za tuzo za Lloyd's Patriotic Fund, mfuko ulioanzishwa 1803 ambao uliwaenzi maofisa waliopigana na Ufaransa. Zilitolewa kwa daraja za pauni 30, 50 na 100. Watu husifu vipini. Mimi nasifu mabapa: buluu iliyokoza, na juu yake michoro ya dhahabu.

Buluu ile haikupakwa. Fundi aliusugua upanga hadi ukang'aa kama kioo, akaufuta mafuta yote ya vidole, kisha akaupasha moto huku amekaza macho. Kwenye nyuzi 230 hivi za Selsiasi feleji hugeuka manjano ya majani makavu. Ikaja hudhurungi, ikaja zambarau, na ilipokaribia nyuzi 300 buluu ikachomoza. Hapo ndipo ustadi ulipopimwa. Akichelewa, rangi hufifia ikawa kijivu, na kazi yote irudi kwenye kusugua. Kinachoonekana ni mwanga tu unaocheza ndani ya utando mwembamba mno wa oksidi.

Ndiyo maana feleji mbaya haikuweza kujificha. Ile ya zamani, chuma kilichookwa siku nyingi ndani ya makaa, ilikuwa na kaboni nyingi nje kuliko ndani, pamoja na mistari ya takataka; chini ya buluu kasoro hizo hujitokeza. Benjamin Huntsman, fundi saa wa Uingereza aliyetafuta springi za kuaminika, alianza katika miaka ya 1740 kuyeyusha feleji ndani ya vyungu. Ikatoka ya namna moja, nje na ndani.

Siku hizi panga nyingi za kutundika ukutani ni za chuma kisichoshika kutu. Kromiamu yake huchelewesha rangi: kwenye nyuzi 300 ndiyo kwanza manjano hafifu, na buluu husubiri hadi 540 au zaidi, joto la kuulegeza upanga uliokwisha kukazwa. Nani ana subira hiyo? Hupuliziwa rangi ya kopo, na chuma chochote kikatosha.

Za kale nazo zinapungua. Warithi waliozipenda mno walizisugua zing'ae, na buluu ikatoka na kitambaa. Haizibwi kiraka: kuirudisha, upanga mzima urudi motoni, pamoja na dhahabu yake.